Shangazi Nijibu: Mume yuko ziwani, siku zangu za hatari zinapita bure

Mwangaluka shangazi, shikamoo. Mi naishi Kayenze, mume wangu ni mvuvi wa dagaa, ndoa yetu ina miaka miwili na mtoto hatujapata. Yeye anakaa kambini kisiwani kipindi chote cha giza, mbalamwezi ikiingia ndo anarudi nyumbani anakaa kama siku 9 hivi anaondoka tena. Shida ni kwamba period yangu inaanza siku ileile anayofika au kesho yake, karibu kila mwezi ni hivo, nableed siku 5, zile zinazobaki tunakutana kila siku mpaka anaondoka lakini mwezi ukifika naiona tena. Mzunguko wangu ni siku 30, saa nyingine 29 au 31, haurukiruki. Mama mkwe ameanza kusema nina chango nikatafutiwe dawa, na wifi zangu nikipita wananiangalia tumbo. Mume wangu hasemi kitu ila naona na yeye inamuuma. Je nina tatizo? — Mke wa mvuvi, Kayenze

Marahaba mwanangu, mwangaluka. Barua yako nimeisoma nikaenda kuchukua kalenda na penseli nikaanza kuhesabu, na nataka na wewe uchukue yako tuhesabu pamoja, maana kwa hayo uliyonieleza naona kabisa wapi mnakosana.

Siku ya 1 ni ile damu inapoanza kutoka yenyewe, sio yale matone ya kuchafua nguo. Sasa yai la mwanamke huwa linatoka kama siku 14 kabla ya period INAYOFUATA, wengine 12 wengine 16. Watu wengi wanahesabu 14 kwenda mbele kutoka damu ilipoanza, hiyo inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 peke yake, mwenye 30 kama wewe yai lako linatoka kwenye siku ya 16 hivi. Likishatoka linaishi saa 12 mpaka 24 tu, halafu basi. Ila mbegu za mwanaume zikikuta ule ute mzuri wa uzazi zinaweza kukaa hai humo ndani mpaka siku 5 zinasubiri. Ndo maana siku za kushika mimba zinakuwa 6: tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe. Kwako wewe ni kuanzia siku ya 11 mpaka ya 16.

Haya, mumeo anafika siku ya 1 ya mzunguko wako, anakaa siku 9, manake anapanda mtumbwi siku ya 9 au ya 10. Umeona? Anaondoka, kesho yake au keshokutwa siku zako za hatari zinaanza. Mnakutana kila siku, mnapendana, mnachoka, na zote hizo ni siku ambazo mimba haiwezi kuingia au uwezekano wake ni mdogo sana.

Na kuna jambo lingine ambalo ndo linanifanya nikuonee huruma zaidi. Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu, wako ni 30, kwa hiyo mnatembea sambamba, kila mwezi mnapishana nusu siku tu, hata nusu mwaka ikipita mmesogea siku 3 na zimesogea kwa upande usiowasaidia maana period yako ndo inazidi kuchelewa akiwa ameshafika. Mwenzako mwenye mzunguko wa siku 27 na mume wa kambini vilevile, yeye period inamwahi mwezi siku mbili na nusu kila mara, baada ya miezi michache siku zake zinajikuta zimeangukia mume yupo nyumbani, anashika mimba watu wanasema yule kabarikiwa. Wewe ratiba ya giza na ratiba ya mwili wako zimefungana, mnaweza kukaa hata zaidi ya mwaka hamjakutana hata mara moja kwenye siku yenye maana. Kwa hiyo sikwambii una tatizo. Kwangu mimi nyie bado hamjaanza kutafuta mtoto.

Cha kufanya. Kaa na mumeo mbalamwezi ijayo, mwonyeshe kalenda, mwambie miezi mitatu minne hii achelewe kurudi ziwani mpaka siku yako ya 16 au 17 ipite. Najua sio jambo dogo, wenzake wanaingia giza yeye yuko nyumbani, mwenye mtumbwi atanuna na pesa ya wiki nzima inaondoka, ila anaweza kuweka mtu wa kushika nafasi yake kwa siku hizo chache. Ikishindikana basi nenda wewe, wanawake wako wengi huko kambini wanaanika dagaa, ondoka nyumbani siku ya 10 au 11 ukae mpaka ya 17 urudi. Na kama hata hiyo haiwezekani na yeye ana nafasi ya kuja usiku mmoja au mbili tu katikati ya giza, basi iwe siku ya 14 na ya 15, kwa sababu siku 2 kabla ya yai kutoka na ile yenyewe ndo zenye nguvu kuliko zote. Msisubiri mpaka uhakikishe yai limetoka ndo mkimbilie kitandani. Mbegu zinatakiwa zifike kabla, yai liwakute wapo.

Kwa vile una 29 mara 31, usiiamini kalenda peke yake, usikilize na mwili. Damu ikishakata unakuwa mkavu siku kadhaa, halafu unaanza kuona ute mzito mweupe unaonata, siku zinavyosogea unakuwa mwepesi, mng'avu, unateleza, unafanana kabisa na ute wa yai bichi la kuku. Nawa mikono, chukua kidogo hapo nje ukeni au kwenye tishu, weka kati ya kidole gumba na cha shahada uviachanishe taratibu. Ukikatika hapohapo bado. Ukivutika mrefu bila kukatika, ndo wenyewe, siku hiyo mtafute mumeo na kesho yake mtafute tena. Siku utakayoona umerudi mzito au umekauka ghafla ujue yai limeshapita. Najua hata huko Kayenze huwa unauona ukiwa peke yako unafikiri ni uchafu, wanawake wengi wanakimbilia kununua dawa za fangasi kwa ajili ya ute huo ambao hauna harufu mbaya wala hauwashi, na wenyewe ndo unabeba mbegu.

Mama mkwe mheshimu, ila kuhusu hizo dawa za chango za kuingiza ukeni au kujifukiza usikubali, zinaunguza na kuharibu ulinzi wa huko ndani na maambukizi yakipanda juu ndo yanaziba mirija kweli. Mwache mumeo ndo aongee na mama yake, mtoto akimwambia mama "sisi tunapishana siku, mimi ndo sipo nyumbani" neno linaisha, likitoka kwako litageuzwa. Jambo la mwisho, anza sasa ivi vidonge vya foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, vinapunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi na vinatakiwa viwe mwilini kabla mimba haijaingia, sio mpaka uende kliniki una miezi minne.

Shangazi habari za kazi. Mi nauza nguo Igoma nina miaka 27. Nimedownload aplikesheni ya period kwenye simu inaniambia yai langu ni siku ya 15, tunajitahidi siku hiyohiyo tu kama inavyosema lakini wapi. Period yangu mwezi mmoja siku 26 mwingine 35 mwingine 31. Tuna miezi 7. — Dada wa Igoma

Nzuri binti yangu. Hiyo aplikesheni haioni ndani ya tumbo lako, inachukua tarehe ulizojaza inapiga wastani inakupa siku moja, na kwa mwanamke mwenye mzunguko kama wako wastani haumfai. Zamani sana, mwaka 1924, daktari mmoja wa Japani anaitwa Kyusaku Ogino ndo alionyesha kwamba yai linatoka siku 12 mpaka 16 kabla ya period inayofuata, na tunachokifanya mpaka leo kwenye kalenda kinatokea hapo. Kwa hiyo nusu ya pili ya mzunguko huwa haibadiliki sana, inayorefuka na kufupika ni ile ya kwanza. Mwezi wako wa siku 26 yai linatoka kama siku ya 12, wa 35 linatoka kama siku ya 21. Toa siku 5 za mbegu kusubiri, ndo unapata kuanzia siku ya 7 mpaka ya 21. Humo ndani kutaneni siku moja mnaruka moja, basi, popote yai litakapotoka litakuta mbegu, na simu utaitumia kuandikia tarehe tu.

Kama hela ipo kuna vile vipimo vya mkojo vya kupima yai, vinauzwa maduka ya dawa ya mjini. Vinapima homoni inaitwa LH, inapanda ghafla saa 24 mpaka 36 kabla yai halijatoka. Angalizo ambalo wengi wanakosea: sio kama kipimo cha mimba ambacho mstari wa pili hata ukiwa hafifu ni jibu. Hapa mstari wa kipimo lazima ukolee sawa na ule mwingine au uuzidi, ukiwa hafifu bado. Ukikolea, kutaneni siku hiyo na kesho yake. Kwako wewe mwenye siku za kupishana vitakula pesa maana itabidi uanze kupima mapema mno, ndo maana nakwambia anza na ute, ni bure. Kupima joto la mwili asubuhi nako kupo, joto linapanda kidogo baada ya yai kutoka, ila likishapanda mmeshachelewa kwa mwezi huo, linasaidia tu kujua kwamba yai huwa linatoka.

Miezi 7 kwa umri wako usiogope bado, kati ya wenza 100 wanaokutana mara kwa mara bila kinga zaidi ya 80 wanapata ndani ya mwaka. Ila period ikianza kupita siku 35 mara kwa mara, au ikaruka miezi, au unaota ndevu na chunusi nyingi, au maziwa yanatoka na hunyonyeshi, hapo nenda hospitali usisubiri mwaka uishe.

Shkamoo shangazi, mi dereva bodaboda niko Buhongwa. Washkaji kijiweni wameniambia nisimguse mke wangu mpaka ile siku yenyewe ya yai ili mbegu ziwe nyingi na nzito, huwa nakaa hata siku 10. Sasa ile siku ikifika wife anapiga simu niache abiria nirudi, nikifika mwili unagoma kabisa. Nimeanza kutumia zile dawa za nguvu. — Boda

Marahaba baba. Acha kutunza. Mbegu zikikaa muda mrefu idadi inaongezeka kweli lakini zinazokimbia zinapungua, nyingi zimeshazeeka na kuchoka, na uzito wa manii kwa macho haukwambii lolote kuhusu mbegu zilizomo. Mwanaume mwenye afya hata akikutana na mkewe kila siku katika siku zile 6 haharibu kitu, akiruka siku moja moja ni sawa tu.

Na huko kugoma kwa mwili sio ugonjwa, nani atasimama vizuri akiitwa kwa simu kama anaitwa polisi. Mwambie mkeo asikwambie siku. Kweli kabisa, kubalianeni mnakutana kila baada ya siku mbili tatu mwezi mzima, usiku mkiwa mmetulia, hiyo peke yake inagusa siku za hatari bila mtu kuhesabu. Wenza wengi nawaambia hivi kabla ya kuwaambia mambo ya kalenda, kwa sababu kalenda ikiingia chumbani ikakaa mwaka mzima mapenzi yanatoka.

Hizo dawa za nguvu za mtaani ambazo hujui zina nini, ziache, na mtu yeyote asikuchome sindano ya testosteroni, yaani homoni ya kiume, akidai inaongeza mbegu, inafanya kinyume, inazima kiwanda. Punguza pombe, sigara acha. Mbegu inachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo ukibadilika leo usitegemee wiki ijayo, vumilia.

Shangazi eti ni kweli nikimaliza tendo niinue miguu ukutani nusu saa? na je niende kuoga au nisubiri? — Mama mtarajiwa, Nyegezi

Mbegu zinazotakiwa zinakuwa zimeshaingia kwenye mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, hayo yanayotoka ukisimama mengi ni maji yake tu. Miguu ukutani haiongezi kitu, lala unavyojisikia. Oga nje, usioshe ndani, wala maji ya ndimu wala sabuni wala nini. Na kama mnatumia mafuta au mate kulainisha, siku hizo acheni, vinaweza kupunguza mwendo wa mbegu, andaaneni taratibu ute wenyewe utakuja.

Nilichoma sindano ya miezi mitatu kwa miaka miwili, nimeacha tangu mwezi wa tano mpaka leo sijashika mimba na period yenyewe inakuja ikitaka. Nimeharibika? — Pasiansi

Hujaharibika mwanangu. Hiyo sindano inachelewesha yai kurudi kuliko njia nyingine zote, wengi inawachukua kama miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho na wengine wanapita mwaka, halafu wanabeba kama kawaida. Kalenda usihangaike nayo sasa ivi, period ikishakaa sawa ndo uanze kuhesabu.

Shangazi mume wangu ni mwathirika anatumia dawa, mimi nikipima sina. Tunatumia kondomu siku zote. Tunatamani mtoto. Tutafanyaje bila mimi kuambukizwa? — Naomba usiandike ninapokaa

Siandiki mama, na nimefurahi umeuliza. Mtoto mnaweza kumpata. Nendeni wote wawili kwenye kliniki yake ya dawa muwaambie wazi kwamba mnataka kuzaa, msifanye kimyakimya. Cha kwanza waangalie kipimo chake cha wingi wa virusi vya UKIMWI. Mtu anayekunywa dawa vizuri na virusi vimeshuka mpaka havionekani kwenye kipimo haambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, hilo limethibitishwa. Na wewe ulizia PrEP, vidonge vya kujikinga kwa asiyekuwa na virusi. Wakiwaruhusu, ndo hapa siku za hatari zinapokuwa na kazi kubwa: mnaacha kondomu zile siku chache tu ute unapovutika, siku nyingine zote mnaendelea nayo kama wahudumu watakavyowashauri. Kabla hawajawaruhusu msijaribu hata mara moja. Wewe pima kila watakapokuambia, na siku ukishika mimba waambie mapema.

Shangazi tuko Misungwi tunalima mpunga. Mimi nina miaka 36 mume 41. Hayo ya siku 14 na ute tumefanya mwaka na nusu tunajua mpaka tumechoka. Mimi huwa naona damu kidogo baada ya tendo, na maumivu chini ya kitovu. Twende wapi tuanze na nini? — Mkulima

Nyie muda wa kuhesabu siku umeisha. Mwanamke wa chini ya miaka 35 anajaribu mwaka mzima ndo anatafuta daktari, akishafika 35 ni miezi 6. Na dalili kama hizo zako hata ungekuwa na miaka 22 ungetakiwa uende mara moja.

Nenda kamuone daktari aangalie mlango wa kizazi, upimwe na saratani yake hapohapo, maana damu baada ya tendo haiachwi hivihivi. Waambie mnalima mpunga, mnasimama kwenye maji. Kichocho cha mkojo kipo sana kwenye mabwawa na majaruba ya huko kwenu, na kwa mwanamke mayai ya huyo mdudu hayaishii kwenye kibofu, yanakaa mpaka kwenye mlango wa kizazi na mirija, yanaleta damu, maumivu na mimba kutoingia au kutunga nje ya kizazi. Wanawake wengi wanatibiwa UTI na magonjwa ya zinaa miaka na miaka, wanagombana na waume zao kwa tuhuma za bure, kumbe ni kichocho ambacho dawa yake praziquantel ipo na sio ghali. Kisonono na klamidia navyo vipimwe, wote wawili, navyo vinaziba mirija bila kelele. Baadaye wanaweza kukupima damu kama wiki moja kabla ya period kuona kama yai lilitoka, na picha ya mirija ikibidi, hiyo huenda wakakupa rufaa mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza.

Na mzee asikae nyumbani akisubiri majibu yako. Karibu nusu ya wenza wanaohangaika tatizo linagusa na upande wa mwanaume, na kipimo cha manii hakiumi na ni rahisi kuliko vyote vyako, kwa hiyo afanye mwanzoni kabisa. Akae bila tendo siku 2 mpaka 7, achukue kichupa maabara, asitumie kondomu ya kawaida wala sabuni, na sampuli ifike ndani ya saa moja ikiwa imebebwa mwilini isipate baridi. Kutoka shambani kwenu saa moja haitoshi, aombe chumba atolee hapohapo hospitali.